Saa Kumi na Moja, Shianda

King'ora cha kiwanda kilinyamaza miaka sita iliyopita,
lakini mwili haujapata habari.
Saa kumi na moja kamili macho yanafunguka yenyewe,
nami nabaki nimelala nikisikiliza
pale ambapo zamani palikuwa na mlio.

Kando yangu Okwaro anapumua kwa upande mmoja wa mdomo.
Mkono wake wa kushoto umetulia juu ya blanketi
kama jembe la kuazima ambalo mwenyewe hajaja kulichukua.
Ninamgeuza. Ninampangusa. Ninamnywesha uji wa wimbi,
kijiko, kidevu, kitambaa, kijiko.
Juu ya kabati, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia,
risiti za miwa zimekunjwa mwaka kwa mwaka:
tani arobaini na tatu tulizopeleka,
pesa ambazo zinakuja, zinakuja.

Nilikuwa mtu wa maombi, mimi.
Alhamisi ya akina mama nilishika zamu ya kufungua,
wakawa wanasema Rasoa ana ufunguo.
Mwaka huu nimepiga magoti nikakuta
kinywani hamna kitu ila "Bwana,"
na baada ya "Bwana," mkato,
na baada ya mkato, jogoo.

Nabwile alikuja siku moja na mvua,
ile mvua yetu ya saa tisa
isiyokosa miadi hata Mungu akikosa.
Ndivyo nilivyomwambia, kwa ukali, palepale mlangoni.
Nikangoja anikemee. Nikamngoja Ayubu,
nikaingoja ile dhahabu inayopitishwa motoni.
Akavua viatu vyake vya plastiki, vimejaa matope.
Akavuta sinia la maharagwe, akaanza kuchambua mawe.
Muda ukapita.
Akasema bila kuinua uso:
"Yule aliyepooza, watu wanne walimshusha kupitia darini.
Imani iliyoonekana siku ile ilikuwa yao.
Leo nitaamini kwa niaba yako, Rasoa.
Wewe lala."

Nikalala. Mchana kweupe, aibu iliyoje,
mabati yakinguruma juu yangu, nililala
usingizi wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.
Nilipoamka maharagwe yalikuwa yanatokota,
Okwaro amegeuzwa, amepanguswa,
Nabwile ameenda zake.
Kwenye sinia alikuwa ameacha mawe saba, madogo,
kama mtu anayetaka yahesabiwe.

Sisemi Okwaro alisimama. Hakusimama.
Risiti bado zimo mkebeni na wino unafifia.
Ila kesho yake, baada ya mkato,
kabla ya jogoo, niliongeza neno moja:
"upo."
Sikuweka alama ya kuuliza.

Agosti gari lilileta jeneza kutoka Nakuru,
la kitinda mimba wa Nabwile.
Niliacha wapishi waondoke, hema lirudishwe,
wenye maneno wamalize maneno yao.
Kisha nikamwomba shemeji akae na Okwaro,
nikashuka kwa njia ya miwa iliyotoa maua, isiyo na mnunuzi.
Nilimkuta jikoni, moto umezimika,
sinia liko mapajani,
mikono imesahau inachokifanya.
Ilikuwa saa kumi na moja, hii ya jioni.

Nikavua viatu.
"Lala," nikamwambia.
Nikalichukua lile sinia.
Mawe yalikuwa mengi, na mwanga ulitosha.