Imezidi

Sekunde arobaini na moja
ndizo zilizoniponza, maili mbili, kambini,
goti limeumuka kama mkate,
kisha Sajini Dufresne akanizungushia utepe kiunoni
kimya, kama fundi apimaye sanda.

Cheti changu kinasema: kwa heshima, lakini.
Hiyo "lakini" ilinifungia chuo.
Hiyo "lakini" mwajiri huisoma kwanza.

Huu mwaka wa kumi na nne.
Wa kumi na tano mlango wa rufaa unafungwa.
Theluji ya Duluth inagonga dirisha, najaza fomu.
Nimeambatisha eksirei ya goti
na barua ya Dufresne, mzee sasa, mwandiko unatetemeka:
*hakuwahi kukataa zamu.*

Sikuandika kuwa mama alikuwa anakufa
nami nikila usiku, nimesimama, bila taa.
Kisanduku chenyewe kidogo.
Halafu nikaandika. Pembeni,
kwa herufi za sisimizi.

Asubuhi, posta,
Bi Nyquist anaiweka bahasha kwenye mizani,
anainua miwani:
"Imezidi uzito, Verlyn."

Nilicheka mpaka foleni nzima ikageuka.
Nikalipa ya ziada.