Fungu la Mafuta

Sheria mpya ni kali: aliyenajisi, akitoka Kamiti
kabla ya siku zake kwisha, aripoti kila Jumatatu,
avae bangili mguuni, afikiwe nyumbani bila hodi
mara mbili kwa mwezi.
Bunge likapiga makofi.
Mimi, karani wa makadirio, nikapiga hesabu.

Bangili: mia nne. Zilizofika: kumi na moja,
mbili hazishiki chaji.
Maafisa wapya: mwaka ujao wa fedha.
Mafuta ya pikipiki nilikata nusu, mimi mwenyewe,
kwa kalamu nyekundu, kisha nikashuka kunywa chai.

Alhamisi Syombua alipanda kwetu kwa ngazi, lifti mbovu,
viatu vimeganda tope la Kayole.
Alikuwa ametembea. Faili sitini na tatu,
na leo amefika kwa wanne.
Hakunilaumu. Aliuliza tu
kama risiti ya maji ya kunywa hulipwa.

Mlangoni akageuka:
kuna mtoto, ploti ya pili kutoka kwa yule mtu,
siku hizi hulala amevaa viatu.

Saa mbili usiku. Jedwali liko wazi.
Mafuta, bangili, posho, mengineyo.
Natafuta safu ya viatu.