Halua ya Januari

Nyumba yetu ya Shela iliuzwa mnadani siku ya Alhamisi.
Dalali, nasikia, hakutoka hata jasho:
watu watatu, bei mbili, nyundo moja.

Miezi minne baadaye mnunuzi akanibishia hodi Barani,
Bwana Karisa Nzai, kofia mkononi,
haya usoni, utadhani mdaiwa ni yeye.
“Mama Fathiya, niwie radhi. Kaunti haitaki kunibadilishia jina.
Kuna kodi ya ardhi, miaka kumi na mmoja,
na riba imepanda juu yake.”

Nikamwambia: umeichukua na popo wake,
na ule mlango wa choo usiofunga.
Deni mbona unaniletea
kama paka aliyesahauliwa na waliohama?

Tukaandamana.
Benki ikasema: tuliuza kama ilivyo, someni ukurasa wa saba.
Dalali akasema yeye ni mdomo tu.
Dirishani pa kaunti, Sidi, binti wa kucha za hina,
akatugeuzia kompyuta tujisomee.
“Deni halimfuati mtu. Linalala kiwanjani.
Mwenye kiwanja ndiye mwenye deni.”
Bwana Karisa akatafuta benchi.

Mimi nilibaki nimesimama, nahesabu mistari.
Wa kwanza usiolipwa: mwaka aliooleka Fathiya.
Kisha sifuri. Sifuri. Sifuri.

Kila Januari Mselem alivaa kanzu ya pasi,
akachukua na pesa zangu za upatu ajazie.
“Nakwenda kulipa kodi, tusije tukaumbuka.”
Alirudi baada ya adhuhuri na halua,
ingali moto, samli imepenya gazeti.
Risiti je? “Ziko salama.”
Nami nikila, nikiwasimulia majirani
mume wangu anavyoitunza nyumba.

Sasa yuko kwenye kiwanja kisicholipiwa kodi.
Siwezi kumuuliza.

Nikafungua kibindo. Sidi, andika mwaka mmoja,
ule wa mwisho tuliolala mle. Kwa jina langu.
Akatafuta. Akatafuta tena.
“Mama, wewe humo. Kwenye hati humo,
na kwenye deni humo.”

Nikamwambia pokea hivyo hivyo.
Mashine ikakoroma, ikatoa karatasi:
*Mlipaji: mwingine.*

Niliikunja mara nne.
Ndiyo risiti ya kwanza ya nyumba ile
niliyoishika kwa mkono wangu.