Hisa Kumi

Nimeiunda roboti
kwa mabaki ya mabati,
magurudumu ya kiti,
izoe tope Langoni.

Kichochoro ni chembamba,
punda akija hukumba;
yangu huambaa nyumba
ikinusa ukutani.

Nikamwona mfadhili,
akanidai jedwali
la faida za muhali,
za mwaka wa thelathini.

Akasema, "Soko lenu
ni mitaro, punda wenu,
na hizo ngazi za kwenu.
Litakua vipi, lini?"

Shangazi, Bi Alawia,
upatu hushikilia;
maswali kanishushia
akiivaa miwani:

"Chaji huisha saa ngapi?
Vipuri wavitoapi?
Maji ya bamvua, vipi,
yakifurika njiani?"

Sikujibu la bamvua.
Akacheka, akajua.
Zamu yake kachukua,
akanipa mkononi.

Anataka hisa kumi,
si ahadi ya ulimi.
Kasema: "Na kwangu mimi
ianzie mlangoni."

Ni usiku. Ninakaa
na bisibisi na taa.
Swali moja lanivaa:
maji yapanda ngazini.