Namba 1007

Saa nne usiku, Nyegezi. Chumba cha seva
kinanuka feni iliyomeza visubi vya ziwani.
Holo amepiga simu mara tatu:
"Nikifungua saraka ya sangara, kila faili ni langu.
Mimi nimeanza kazi Jumatatu."

Napima kwanza yaliyo mepesi:
waya umekaa, seva inaitika,
saraka imepachikwa, saa hazijapishana hata nukta.
Kisha nauliza mwenye faili ni nani,
si kwa jina. Kwa namba.

Mtandao haujui majina.
Unabeba tarakimu tu, kama gunia la dagaa
lenye alama ya chaki,
na kila ghala huisoma chaki kwa daftari lake.
Kule kwenye seva, 1007 bado ni Malunde.
Huku, tangu Jumatatu, ni Holo.

Malunde, aliyepima sangara miaka kumi na tisa
kwa rula iliyopinda,
akaandika pembeni: "Huyu ana mayai, nimemrudisha."
Tulimzika Magu mwezi wa tatu.
Namba yake ilionekana haina mwenyewe.
Aliyeigawa ni mimi.

Nampa Holo 1032. Anatoka, anaingia tena.
"Sasa yananikatalia."
Sawa. Ndivyo inavyotakiwa.

Najaribu kuyahamisha kwa cheo changu kikuu,
chenye ruhusa zote humu ndani;
nikivuka waya, seva inanivua,
inaniandika: si mtu yeyote.

Basi nayaacha hadi asubuhi.
Kwenye safu ya mwenye mali
jina limetoka, imebaki namba.