Robo ya Kidonge

Jumatatu kidonge kizima. Jumanne nusu.
Jumatano nusu na robo,
na robo hiyo naikata kwa kisu cha kupogolea mizabibu,
nimevaa miwani juu ya miwani.
Vumbi jeupe linabaki kwenye makali.
Sijui nilihesabu kuwa la siku gani.

Deolinda, miaka arobaini na sita nimepasua graniti
milima yote hii ya Minho.
Nikigonga mara moja tu, sikio lilijua
jiwe litafunguka wapi.
Damu yako naigonga, hainijibu.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji.
Yako nimeagizwa niipunguze uzito,
lakini isifike kuwa maji.

Tangu Braga walipokutia valvu
nakusikia usiku: tik, tik,
kama saa iliyofichwa ndani ya mkate.
Ikilia silali.
Nisipoisikia naweka sikio mgongoni mwako
nawe unanisukuma kwa kiwiko: Evaristo, niache.

Kila Alhamisi muuguzi Graciete anakuchoma kidole.
Tunatakiwa tukae kati ya mbili na nusu na tatu na nusu.
Chini ya hapo, tone linaganda, linapanda kichwani.
Juu ya hapo, damu inasahau kusimama.

Moja nukta nane. Akaongeza.
Nne nukta sita: ulipiga mswaki
na sinki likawa kama beseni la kukanyagia zabibu.
Akapunguza.
Moja nukta saba.
Akanitazama mimi, siyo wewe.

Basi nikajishtaki.
Nikalishtaki kisu. Nikashtaki dawa ya jino lako,
na kile kikombe kidogo cha pombe kali
tulichonywa tukimzika Amadeu.
Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi
mpaka mikunjo yake ikachanika,
na humo, kwa herufi za sisimizi:
mboga za majani.

Nikakunyima supu ya kijani.
Supu uliyoachishiwa ziwa!
Nikakupikia viazi vyeupe, wali mweupe, samaki mweupe,
ukala kama mtu anayelipa faini,
na kabichi zetu zisizofunga zikaendelea kurefuka dirishani
zikituchungulia.

Usiku mmoja wa jalidi niliamka, nyumba kimya.
Hakuna tik.
Upande wako shuka lilikuwa baridi.
Nilishuka ngazi nikiwa na kiatu kimoja,
tayari nimeshakuzika, nimeshachagua jiwe.

Nikakukuta bustanini, umevaa koti langu,
mashina yamekupita kimo,
unatafuna jani bichi
kama mbuzi aliyekata kamba.
Hukuona haya.
Ulisema, mdomo umejaa:
"Mimi nilizaliwa kabla ya kidonge."

Wiki ngapi? Hukujibu. Ukanimegea kipande.
Kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe,
baridi ilikuwa imekitia sukari.

Graciete alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.
Kisha akaacha kucheka.
"Ungekufa," akakuambia.
Na kwangu: "Mpe supu yake.
Kila siku bakuli moja, majani yaleyale, usizidishe usipunguze.
Tutaipima dawa kwa supu.
Nani alikuambia upime supu kwa dawa?"

Hakuna aliyeniambia. Niliogopa tu,
na hofu hupenda kuandika sheria.

Sasa nina visu viwili.
Majani manne nayakata membamba kama nyuzi,
robo naikata kama nilivyoizoea, vibaya.
Leo mbili nukta tisa.
"Msishangilie," anasema Graciete, "wiki ijayo ni wiki nyingine."
Lakini njiani nilipiga mluzi, nawe ukanikanyaga mguu.

Jioni hii mvuke unapanda kati yetu.
Chini ya meza mkono wako umefumba kitu cha kijani.
Jani la tano.
Unanikazia macho kama siku ile ya kwanza dansini,
uliponithubutisha.

Siseme neno.
Navuta kitabu cha njano, nalamba ncha ya penseli,
naandika: matano.