Wajane Wadogo

Saa tisa usiku, zamu yangu.
Kengele ya kipimajoto imelia mara mbili, ikanyamaza
kama mtu aliyekumbuka kwamba aliyezoea kumwamsha hayupo.
Navaa buti za baba. Zinanipwaya.
Navuka ua, theluji ya Aprili ikivunjika chini ya nyayo,
kru, kru,
kama mtu anatafuna sukari gizani.

Ndani ya nyumba ya vioo ni nchi nyingine:
mvuke, udongo uliolowa,
harufu ya nyanya kabla ya nyanya yenyewe,
miche elfu nne kwenye trei zake,
na jiko limebakiwa na macho mawili mekundu.
Nalilisha kuni. Linakohoa. Linakubali.

Baba alikuwa akizungumza nalo.
"Kula, mzee, kula. Ukisinzia wewe, jalidi inaamka."
Mimi sijui kusema na chuma.
Nakaa juu ya gunia la mboji
nasoma vibao vyake vya mbao, mwandiko wa penseli:
*Zambarau iliyokoza.*
*Njano, jicho jeusi.*
*Nyeupe. Usiipe maji mengi, ina kiburi.*
Kimoja kimeandikwa tu:
*Hii sijui. Tuone.*

Alikufa Januari, mbegu zingali kwenye bahasha.
Mama hakulia mbele yetu.
Tuliporudi makaburini alivua koti jeusi, akakunja mikono ya blauzi,
akauliza, "Nani atapanda?"
Na kwa kuwa hakuna aliyejibu, akapanda yeye,
kwa njiti ya kiberiti aliyoilowesha ncha,
mbegu moja, shimo moja,
mbegu moja, shimo moja,
mpaka meza saba zikajaa na vioo vikawa vyeusi.

Lugha yetu ya Kilatvia ina utani wake:
haya maua yenye nyuso, yanayotangulia sokoni kila theluji inapoyeyuka,
tunayaita wajane wadogo.
Nani aliyapa jina, sijui.
Labda ni ile michirizi myeusi, kama ushungi uliovutwa hadi kwenye nyusi.
Mwaka nenda mwaka rudi tumepaza sauti sokoni Kuldīga,
"Wajane! Wajane wadogo, senti themanini!"
na hakuna aliyetuona wakatili.

Mwaka huu kaka yangu Ainis alilipaka bango upya.
Akaandika: MAUA YA MACHIPUKO.
Mama alilisoma, ndoo mkononi.
Akaiweka ndoo chini. Akachukua brashi.
"Yana jina," akasema. "Na mimi ninalo."
Akafuta, akaandika kwa herufi kubwa,
rangi ikachuruzika mpaka kwenye viatu vyake vya kanisani.

Saa kumi na moja. Joto limepanda nyuzi nane.
Nje, upande wa kinamasi, korongo wamerudi.
Hawaonekani, ni sauti tu,
lango lenye kutu linafunguliwa na mtu asiye na haraka.

Mama anaingia, nywele hazijafungwa.
Hanisalimu. Anagusa udongo kwa kidole gumba,
trei hii, na hii, na hii,
kama anayepima homa ya mtoto.
Kwenye ile ya *Hii sijui*
tumba moja limepasuka usiku.
Si zambarau, si kahawia.
Rangi ya chai iliyosahauliwa kibarazani.
Kauso kamekunjamana, kamekasirishwa na mwanga.

Anainama. Anakaa hivyo muda mrefu,
hata nikadhani mgongo umemshika.
"Mbaya," anasema. "Hakuna atakayelinunua."
Kisha anakinyanyua chungu kwa mikono miwili,
anakiweka kwenye rafu iliyo karibu na jiko,
pale baba alipokuwa akianika kofia yake.

"Unatazama nini?
Lete kuni."